Ufunguo wa Chumba cha Chekechea

Wapendwa, wawakilishi wapya wa jumuiya zetu tumeshawasimamisha hapa mbele, tumewapigia makofi, na akina mama wamepiga vigelegele mpaka paa likataka kuondoka. Vizuri sana. Sasa kaeni mnisikilize, maana kuna mtu mmoja nataka mumjue kabla hamjaanza kazi.

Palikuwa na bwana mmoja, fundi viatu, aliyekuwa katika kikundi cha watu walioacha pombe. Jina lake sitalitaja, wala la mwenzake yeyote, kwa sababu katika kikundi kile jina la mtu haliruhusiwi kutoka nje ya mlango. Walikutana kila Alhamisi saa tisa alasiri katika chumba cha chekechea, watu wazima na ndevu zao, wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Desturi yao ilikuwa kila mmoja asimame aseme ametimiza siku ngapi bila kunywa. Mwenye miaka alipigiwa makofi. Mwenye siku moja alipigiwa makofi makubwa zaidi. Naona wengine mnatabasamu. Hamjui siku moja ya mlevi ina urefu gani.

Fundi huyu alikuwa na miaka sita. Basi wakamchagua awe mwakilishi wao, kazi ya kujitolea, ya kubeba maneno ya kikundi kwenda kwenye mkutano wa vikundi vyote vya wilaya na kurudi na majibu. Aliyemtangulia akamkabidhi mfuko wa salfeti uliojaa karatasi zilizotafunwa na panya, pamoja na ufunguo wa chumba, maana mwakilishi ndiye pia mfungua mlango. Mwalimu wa chekechea alikuwa amewaambia tangu zamani kwamba watoto wakishaondoka, chumba ni chao mpaka usiku, mradi wafagie. Maelekezo mengine je? Hakuna. Aliambiwa tu kwamba atazoea, na mtangulizi wake akaenda zake haraka, kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alinunua daftari lenye jalada gumu, akaandika juu yake MWAKILISHI, akapiga mstari chini kwa rula. Alhamisi ya kwanza alikaa nalo mapajani akitamani mtu aseme jambo la kuandikwa.

Na jambo likaja. Siku hiyo mvua ilikuwa imesimamisha kazi machimboni, kwa hiyo mpasua kokoto mmoja aliweza kufika mapema. Alisimama, mikono imejaa vumbi jeupe ambalo hata mvua haikulitoa, akasema ana siku arobaini na moja. Makofi yakapigwa. Hakukaa.

"Jamani, mimi natoka kazini saa kumi na moja," alisema. "Kutoka kule mpaka hapa kuna vilabu vinne vya pombe ya ulanzi, na vyote wananijua jina. Navipita vyote vinne nikijiambia nakuja kwenu. Nikifika mmeshafunga. Halafu inabidi nirudi kwa njia ileile. Kuja naweza. Kurudi ndiko kunanishinda. Mkianza saa kumi na moja na nusu, nitawakuta."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Kila mmoja aliijua njia ile. Kisha vichwa vyote vikageuka kwa fundi, maana sasa walikuwa na mwakilishi, na mtu akiwa na kitu kipya hutafuta pa kukitumia. Fundi akaandika neno kwa neno, akapiga mstari kwa rula.

"Nitalifikisha," akasema.

Nawauliza, wapendwa, nani asingempongeza?

Mkutano wa wilaya ulikuwa Jumamosi moja kila mwezi. Fundi alifunga kibanda chake, akaacha viatu vya watu havijashonwa, akasafiri saa mbili. Akakuta watu thelathini wanabishana kama chai inywewe kabla ya ripoti au baada ya ripoti. Walibishana kuanzia saa nne mpaka saa saba. Bwana mmoja alisimama mara tano kusema kwamba yeye hana upande. Walipokubaliana chai iwe katikati, muda ukawa umekwisha, na ombi la mpasua kokoto halikufikiwa. Fundi alirudi nyumbani damu imechemka. Alimwambia mkewe kwamba alipokuwa mlevi aliwahi kukaa na vichaa wengi, lakini wale wa siku hiyo walikuwa wazima, na ndicho kilichomuudhi.

Mwezi wa pili akawahi, akakaa mbele, akanyoosha mkono. Katibu akamweleza kwamba maombi hayasemwi kwa mdomo. Aandike, nakala tatu, moja ya wilaya, moja ya kumbukumbu, moja haikujulikana ya nani. Fundi akaandika hilo daftarini. Akajiambia kwamba kuna mtu kule machimboni anahesabu siku kwa vidole, na hawa wanahesabu nakala.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Alhamisi iliyofuata, kikao kilipokwisha na wenzake kuondoka, fundi alibaki peke yake ndani ya chumba kile. Alifagia, kisha akaketi kwenye kiti cha mtoto na kuanza kuandika zile nakala tatu, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta. Alipomaliza ya tatu ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Alitoka akafunga mlango, na alipogeuka akamkuta mpasua kokoto amesimama uani, anahema.

"Wamesemaje?" mpasua kokoto akauliza.

"Ombi lako liko kwenye utaratibu," fundi akamjibu, akamwonyesha karatasi. "Vuta subira, ndugu yangu. Nalipigania kweli."

Mpasua kokoto aliutazama mlango, akaitazama karatasi. Akashukuru kwa adabu, akageuka, akaishika njia ileile. Fundi akatia ufunguo mfukoni, akaenda nyumbani akiwalaani watu wa wilaya kimoyomoyo.

Alhamisi tatu zikapita bila mpasua kokoto kuonekana pale uani.

Mwezi wa tatu fundi hakwenda kwenye mkutano, alikwenda vitani. Walipomwita alisimama na karatasi yake, akasoma ombi lote, kisha akaongeza yasiyoandikwa. Akasema wao wanabishana habari za chai wakati kuna mtu anazama. Akasema mtu huyo hajaonekana wiki tatu, na kama amerudia pombe, lawama iko juu ya meza ile. Watu wakainamisha macho. Mwenyekiti alikuwa mama muuza mitumba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, na alionekana amechoka kuliko yeye.

"Baba, ngoja kwanza," mama yule akasema. "Huo mlango anafungua nani?"

"Mimi."

"Ufunguo uko wapi?"

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akautoa. Akausimamisha mbele yao kati ya vidole viwili.

"Kuna mtu amewakataza kukaa saa hiyo? Mwalimu amekataa? Wenzako wamekataa?"

"Hapana."

"Sasa sisi unatuomba nini?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Fundi alibaki amesimama na ufunguo wake, na hasira yote aliyokuja nayo ikakosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Aliukumbuka ua ule, saa kumi na moja na nusu, yeye na yule mtu, mlango nyuma yake, na alivyokuwa ameufunga kwa mkono wake, kisha akamweleza mtu habari za utaratibu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Hakungoja chai. Alipanda gari la kurudi, na aliposhuka akaishika ile njia ya machimboni kwa miguu, na kwenye kilabu cha tatu alimkuta mtu wake, kibuyu mbele yake, macho mekundu. Akavuta kigoda, akakaa.

"Tunaanza saa kumi na moja na nusu," akamwambia.

Mpasua kokoto aliinua macho kutoka kwenye kibuyu.

"Nani amekubali?"

"Hakuna aliyekuwa amekataa," fundi akasema.

Alhamisi iliyofuata mlango ulikuwa wazi saa hiyo, na mpasua kokoto alikuja. Zamu yake ilipofika alisimama akasema, siku moja. Walimpigia makofi mpaka mikono ikauma. Fundi alipiga pamoja nao, lakini kichwani alikuwa anazitafuta zile arobaini na moja, na siku zilizozifuata. Zilikwenda wapi? Nani alizichukua? Watu wa chai?

Haya, wawakilishi wangu wapya, mbona mmekaa kimya hivyo? Na sisi wengine tuliowachagua, tunaangalia wapi? Maana ndivyo tulivyo. Jumuiya nzima ilijua mgonjwa wa kule bondeni hana wa kumchotea maji, tukaandika tukapeleka kwa wazee wa kanisa. Ndoo tulikuwa nazo wangapi? Na kuna bibi mmoja, jirani yangu, aliomba mtu wa kumsomea Neno kwa sababu macho yamemwisha. Tukasema tutalifikisha kwa mchungaji. Na mchungaji huyu mnayemwona, mimi, nikasema nitaliombea. Wiki tano nililiombea jambo hilo, Biblia iko kwapani mwangu, na nyumba ya bibi iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Mungu alinisikiliza kila siku, na nadhani kila siku alikuwa ananiuliza ufunguo uko wapi.

Sisemi tusipeleke mambo mbele. Mengine hayana mlango hapa kwetu, hayo yapelekeni, na nakala tatu mwandike. Lakini yapo tunayoyapeleka juu ili tu yaondoke mikononi mwetu, tena tunakasirika sana kwamba wakubwa wanachelewa, na hasira hiyo tunaiita upendo. Huku mtu amesimama uani, amevipita vilabu vinne kwa ajili yetu.

Kwa hiyo hatutaomba bado. Kila mmoja apapase kwanza mifuko yake, na amkumbuke aliyesimama nje ya mlango wake wiki hii. Mimi wangu nimeshamkumbuka. Ibada ikiisha msiningoje pale mlangoni kusalimiana, nitakuwa kwa bibi.