Siku Kompyuta Ilipomzika Mzee Kapufi

Tumbo likiuma leo, uliza mlo wa jana. Mmenisikia nikimwambia hivyo fundi wa kompyuta, mkacheka: kompyuta na tumbo wapi na wapi? Methali hii ilianza hivi.

Fundi Sikazwe alitunza mitambo ya redio yetu ya kata. Jumatatu moja asubuhi, kompyuta ya kurushia matangazo ilianza kuganda. Kipanya hakisogei, sauti imekatika, mpaka uizime na kuiwasha upya. Baada ya nusu saa, imeganda tena. Sikazwe akalaumu vumbi, akaifungua na kuipuliza. Ikaganda. Akalaumu umeme, akabadili waya. Ikaganda. Akalaumu mashine ya kusaga ya jirani kwamba inatikisa ukuta, akaihamishia kompyuta chumba cha pili. Huko ikaganda katikati ya tangazo: "Familia ya Mzee Kapufi inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba mzee wao ame..."

Kimya. Dakika kumi nzima.

Lililobaki lilikuwa "...rudi kutoka Mbeya, na duka lake la mbegu li wazi." Nani alilisikia? Kufika saa sita, wanawake walikuwa wamejaa kwa Kapufi na kuni na unga, na wanaume wanauliza kaburi linachimbwa wapi.

Saa saba marehemu akaingia studio, bakora mkononi. Sikazwe alitamani kujificha chini ya meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimetoka kupokea rambirambi zangu mwenyewe. Mashine hii ina nini?"

"Imezeeka, mzee. Imekufa hii."

"Hata nayo unaizika? Jana ilikuwaje?"

"Jana ilikuwa nzima kabisa."

"Basi uzee haukuingia usiku mmoja. Mimi tumbo likiniuma, mke wangu haniulizi nilizaliwa mwaka gani. Huniuliza nilikula nini jana. Hii ilikula nini jana?"

Sikazwe akakumbuka. Jana jioni, akiwa amekwisha kuvaa koti, kompyuta ilimwuliza kama ipokee masasisho, yaani matoleo mapya ya programu zake. Akabonyeza "ndiyo" bila kusoma, akaenda zake.

"Niliilisha mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Kiini kipya cha mfumo. Ile programu ya ndani kabisa inayoendesha nyingine zote."

"Cha zamani ulikitupa?"

"Hapana, mzee. Huwa inakiweka akiba."

"Sasa unangoja nife kweli?"

Sikazwe akaiwasha upya, akachagua kiini cha zamani kwenye orodha. Wakakaa kuitazama. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima, na nyimbo zinapigwa bila kukwama. Sikazwe akashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi.

Ndipo Kapufi akaomba kipaza sauti. "Mimi ni Kapufi, mzima wa afya. Duka li wazi. Walioleta unga, asanteni, tumekwisha kuusonga. Na fundi anasema ugonjwa wa kompyuta haukuwa uzee, ulikuwa mlo wa jana."

Kata nzima ikacheka, na tangu siku hiyo, kitu kikiharibika ghafla, hatuanzi kulaumu vumbi wala jirani. Twasema: tumbo likiuma leo, uliza mlo wa jana.