Bibi Nyamvula na Mtu Aliyefukuza Mawazo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye usingizi. Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, sasa mpo. Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu akiwa bado anatambaa, palikuwa na kijiji kando ya mto. Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, jina lake Nyamvula. Mkongwe, mwembamba, mcheshi. Akicheka, kwe-kwe-kwe, kama kanga aliyeona mtama.

Kila asubuhi Bibi Nyamvula alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake. Hasuki, hapepeti, haongei. Amekaa tu. Kisha huinuka, akaenda zake shambani.

Na bibi huyo hakuwa na papara. Siku ghala lake liliposhika moto, majirani walipiga mayowe. Yeye akasema, "Leteni maji kwanza. Kulia tutalia baadaye." Wakauzima moto. Kisha akalia kweli, akapangusa machozi, akajenga ghala jingine.

Watu wakasema mengi. "Akikaa pale, kichwa chake huwa kitupu kama kibuyu." "Roho yake hutoka ikatembea." "Hata siafu wakimng'ata hasikii!" Walisema hivyo wote, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe.

Sasa, kijijini hapo palikuwa na mtu aitwaye Ndurya. Mwaka mmoja mto ulifurika. Ukapita na mbuzi wake, ukapita na jiko lake, ukataka kupita na binti yake mdogo, Dama. Ndurya akamdaka mguu. Akavuta! Akavuta! Akamtoa.

Maji yakarudi mtoni, lakini moyo wa Ndurya haukurudi mahali pake. Chungu kikianguka, du-du-du! Mlango ukigongwa, du-du-du! Usiku halali, mchana anafoka. Dama akikaribia mto, anafokewa. Dama akipanda kichuguu, anafokewa. Dama akicheka kwa nguvu, anafokewa.

Mkewe, Mbeyu, akamwambia, "Baba Dama, mtoto ulimtoa majini. Mbona sasa unamzamisha kwa kelele?"

Ndurya akainuka, akatoka nje. Akasema moyoni, "Nitakaa kama Bibi Nyamvula. Nitaondoa kila kitu kichwani, nipone."

Akatafuta jiwe kubwa, maana alisikia lazima liwe jiwe. Akakunja miguu mpaka magoti yakalia ko! ko! Akaamuru, "Mbeyu, usitwange! Dama, usiimbe!" Jogoo akafunikwa tenga. Ndurya akafumba macho kama mtu aliyeingiwa na mchanga.

"Kichwa, kuwa kitupu!"

Likaja wazo la kunde zisizopaliliwa. "Toka!" Likaja wazo la mama mkwe. "Toka! Samahani mama, lakini toka!" Wakaja mbuzi waliochukuliwa na maji, meee, meee, mmoja mmoja. "Toka! Toka! Toka!"

Alidhani anasema kimoyomoyo. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza.

Akainuka kwa hasira. Miguu imekufa ganzi. Pu! Akaangukia unga wa muhogo ulioanikwa. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dama naye akacheka, kisha upesi akaziba mdomo kwa mkono, akamtazama baba yake kwa woga.

Ndurya akauona mkono ule mdomoni. Ukamuuma kuliko kuanguka.

Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Nyamvula. Alimkuta uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona una unga wa muhogo masikioni?"

"Nimejaribu kukaa kama wewe. Nimeshindwa. Nifundishe kuwa na kichwa kitupu."

Bibi akaweka gunzi chini. "Kitupu? Mimi? Leo asubuhi nimekaa pale, nikawaza jino langu linalocheza. Nikawaza ugali. Nikawaza marehemu mume wangu, alivyokuwa akiimba vibaya." Kwe-kwe-kwe!

"Basi huyafukuzi mawazo?"

"Mbuzi wa jirani akikatiza uani kwako, ukimkimbiza atazunguka uani kutwa, na wewe nyuma yake. Mwache apite. Yuko safarini."

"Sasa wewe pale unafanya nini?"

"Ninapumua."

"Hata mimi napumua, Bibi!"

"Ndiyo, lakini hujawahi kujikuta unapumua. Kaa. Si lazima juu ya jiwe, kaa kwenye kigoda, makalio yako yana kosa gani? Pumua kama kawaida. Isikie pumzi inavyoingia. Isikie inavyotoka. Akili itaondoka, ndiyo kazi yake. Ukigundua imeondoka, irudishe, bila kujitukana."

"Na macho?"

"Ukipenda fumba, ukipenda fumbua."

"Na jogoo akiwika?"

"Mwache awike. Hakukuomba ruhusa kuzaliwa."

"Nikisinzia?"

"Basi utakuwa umelala, na ulikuwa na deni la usingizi. Haya, sema nami."

Nanyi semeni nami, wenzangu:

*Pumzi yaja, pumzi yaenda.*
*Wazo laja, wazo laenda.*
*Mimi nipo.*

Wakakaa. Jogoo akawika. Inzi akatua puani. Ndurya akawaza kunde, akarudi. Akawaza mto, moyo ukapiga du-du-du, akarudi. Muda si mrefu, kiasi cha kungoja uji upoe, Bibi akasema, "Inatosha. Nipe lile gunzi."

"Imekwisha? Mbona sijabadilika?"

"Kwani nani alikuambia unapikwa?"

Ndurya akaendelea. Asubuhi nyingine alitulia. Asubuhi nyingine aliwaza mbuzi mwanzo mpaka mwisho. Mara akakoroma, Mbeyu akamfunika kanga. Akaenda kushtaki kwa Bibi, "Leo nimeharibu." Bibi akajibu, "Kesho ipo." Na Mbeyu akatwanga, tu! tu! tu! wala Ndurya hakumkataza tena.

Ukaja wakati wa mavuno. Ngoma ikapigwa, ndi-ndi-ndi! Watu wakacheza. Dama alikuwa amesuka taji la maua, amelivaa, anazunguka kama pia. Mara, vuuuuu! Wingu la nyuki waliohama mzinga likashuka. Likazunguka uwanja, likatua. Wapi? Kichwani na mabegani kwa Dama!

Ngoma ikanyamaza. Mtu mmoja akapiga yowe. Mwingine akashika tawi ili awapige. Dama kasimama, macho wazi.

Moyo wa Ndurya ukaruka. Du-du-du! Likaja wazo, "Watamuua." Akataka kufoka, akataka kumkimbilia Dama pale alipo. Wazo lile halikwenda upesi, wenzangu. Lilikaa. Likamkazia macho. Ndurya akavuta pumzi, akaitoa. Akaivuta tena.

*Pumzi yaja, pumzi yaenda.*
*Wazo laja, wazo laenda.*
*Mimi nipo.*

"Weka tawi chini, ndugu yangu," akasema taratibu. "Mtu asiwapige."

Akatembea pole, pole, pole. Akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Dama, nipo hapa. Nitazame mimi. Pumua na baba."

Mtoto akavuta pumzi, na baba akavuta. Mtoto akatoa, na baba akatoa. Nyuki mmoja akatembea juu ya nyusi za Ndurya, akashuka shavuni. Ndurya akawaza, "Ananiwasha." Akapumua.

Kijiji kizima kikasimama, na bila kujua, kijiji kizima kikawa kinapumua pamoja.

Kisha, vuuu... mmoja akaruka. Vuuuu... wengine wakamfuata. Vuuuuuu! Wote wakainuka, wakaelekea msituni kutafuta nyumba yao.

Mbeyu akamrukia mtoto, akamkumbatia huku analia na kucheka. Vigelegele vikapasua hewa! Ngoma ikarudi, ndi-ndi-ndi!

Dama akauliza, "Baba, wewe hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka kucha za miguu."

"Mbona hukufoka?"

"Nilikuwa na kazi ya kupumua."

Dama akaangua kicheko, kikubwa, cha mdomo wazi, mikono yake yote miwili ikiwa shingoni kwa baba yake. Na Ndurya akacheka naye, mpaka wakaanguka chini pamoja.

Asubuhi iliyofuata ua wa Bibi Nyamvula ulijaa watu. Mwenye kigoda, mwenye mkeka, mwenye mtoto mgongoni. Mmoja akakohoa, mmoja akakoroma, mtoto akalia. Wakakaa hivyo hivyo. Walipomaliza, mzee mmoja akauliza kwa heshima kubwa, "Bibi, mtu akishajua kutulia vizuri kabisa, kinachofuata ni nini?"

Bibi Nyamvula akainuka, akanyoosha mgongo, akachukua jembe.

"Kinachofuata ni magugu," akasema. "Twendeni."

Wakaenda, wakiimba.

Funzo, wenzangu: utulivu si kichwa kitupu, wala si kazi ya watu wa ajabu. Ni kurudi, na kurudi tena, bila kujigombeza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia tutamsamehe.