Kusifu Mtumbwi si Kuvuka

Kusifu mtumbwi si kuvuka. Mmelisikia neno hilo leo kwa mwalimu wenu wa kipaimara, alipomwambia Edfonsi aliyekuwa amejibu maswali yote ya imani bila kukwama mahali popote, nanyi mkaangua kicheko mkidhani mwenzenu ametukanwa. Hakutukanwa. Amependwa, ila bado hajajua. Haya, sogeeni hapa kwenye ungo mnisaidie kutoa mawe katika mchele huu, maana mikono ikipata kazi masikio hutulia. Mmeuliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka hapahapa kwetu, na chanzo chake ni hiki.

Zamani, kabla daraja halijajengwa, kijiji hiki hakikuwa huku juu. Kilikuwa ng'ambo ya chini, kule mnakokwenda kulima mpunga. Huko ndiko walikoishi Mzee Fokasi, katekista, na mkewe Blandina. Fokasi alikuwa mrefu, ana sauti nzito ya kutuliza, na kijiji kizima kilijifunza Nasadiki, ile sala ya kuungama imani, kinywani mwake. Aliwazika wafu padre alipochelewa, akawabatiza watoto wachanga walipokuwa hatarini. Alikuwa mtu mwema. Lishikeni hilo tangu sasa, asije mtu akaondoka hapa akisema nimewasimulia habari za mnafiki.

Kanisa lilikuwa na mtumbwi mkubwa wa mvule, uliochongwa na baba yake Fokasi. Mwenye kuupiga kafi alikuwa Severini, mtoto wa dada yake Fokasi. Watu walivuka kwenda sokoni, kwenda hospitali, kwenda kuozesha binti zao. Mto ule mnaujua. Una mkondo wa nguvu na una viboko, na watu walikuwa wakiogopa. Basi Fokasi alisimama ukingoni, akasali nao, halafu akawaambia, "Pandeni kwa amani. Mtumbwi huu hauzami. Mti wake niliuona ukiangushwa, na nilimwona baba akiuchonga. Pandeni." Watu walipata moyo, wakapanda, wakavuka. Yeye alirudi zake nyumbani.

Hakuna aliyeona kitu hapo, isipokuwa Blandina. Mke huona. Askofu alipokuja ng'ambo ya juu, Fokasi aliumwa mguu. Binti yao Tekla, aliyeolewa huku juu, alipojifungua mtoto wake wa kwanza, babu mtu alituma kuku na baraka, akasema atakuja maji yakipungua. Maji yakapungua. Lo, mara uzio wa shamba ukawa unataka kutengenezwa! Mtoto akaota meno babu hajamwona, mpaka Tekla mwenyewe alipombeba akamleta.

Blandina alijua. Wakati wa uchumba wao mama mkwe wake alimnong'oneza kwamba Fokasi alikuwa na mdogo wake, Jordani, na kwamba walipokuwa vijana kiboko aliupindua mtumbwi wao, akarudi mmoja. Fokasi mwenyewe hakuwahi kulitaja jina hilo mbele ya mkewe. Naye Blandina hakuuliza, kwa sababu alimpenda.

Tena yeye Blandina alijiona hana haki ya kumuuliza mtu habari za woga. Alikuwa mwoga wa maji kupita wote! Akipanda mtumbwi hujifunika kanga kichwani, humwita Bikira Maria kwa sauti mpaka wasafiri wenzake wanacheka, na wakifika katikati ya mto hutapika. Hata Nasadiki hakuiweza. Kila alipofika kwa Ponsyo Pilato maneno yalimpotea, akawa anafuatisha midomo ya wenzake. Fokasi alikuwa akimtania, "Mama Tekla, imani yako nayo ni ndogo, jamani." Alisema kwa upendo, na Blandina alicheka. Lakini akiwa peke yake jikoni neno lile lilimuuma, maana alilisadiki. Alijihesabu kuwa yeye ni wa mwisho katika watu wa Mungu.

Sasa ukaja mwaka wa mafuriko. Mvua zilinyesha huko milimani siku nyingi mfululizo, mto ukavimba, ukaanza kuingia mashambani. Asubuhi moja wazee wakasema basi, hakuna tena kusubiri, kila mtu avuke aende juu. Severini akaanza kuvusha: watoto na mama zao kwanza, kisha wazee, kisha wengine. Fokasi alifanya kazi siku hiyo kuliko mtu yeyote. Alibeba vikongwe mgongoni mpaka kwenye mtumbwi, akasali na kila kundi, akawaambia maneno yale yale: mtumbwi huu hauzami. Watu walimbariki huku wanalia.

Zamu ya Blandina ilipofika, alisita ukingoni. Fokasi akamnyanyua kama mtoto, akamkalisha.

"Usiogope, mke wangu. Mtumbwi huu hauzami."

"Na wewe?"

"Nitakuja na wa mwisho."

Blandina akajifunika kanga yake. Akavuka vilevile alivyozoea kuvuka, anatetemeka, anaita, anatapika, na Tekla akampokea huku juu akamfuta uso.

Mtumbwi ukarudi, ukaja na watu wa mwisho. Fokasi hakuwamo.

"Mjomba yuko wapi?" watu wakamuuliza Severini.

"Amekataa. Nimembembeleza sana. Anasema atakaa kanisani, maji hayatafika altareni. Anasema yeye ana imani."

Watu wakashangilia! Mmoja akasema, mnaona, huyo ndiye mtu wa Mungu. Wanakwaya wakaanza wimbo, wamelowa na watoto migongoni, wanamwimbia Fokasi na imani yake kubwa. Blandina aliusikiliza wimbo ule. Yeye alimjua mtu wake.

"Nyamazeni," akasema. Hakuna aliyewahi kumsikia Blandina akiwaambia watu wanyamaze. "Anaogopa. Mume wangu anaogopa, na mkiimba hivyo mnamzika. Severini, nirudishe."

Watu wakaguna. Tekla akamshika mkono. "Mama, jamani! Maji yote yale?"

"Mama, wewe?" Severini naye akauliza. "Hata sasa unatetemeka."

"Natetemeka ndiyo. Twende."

Mnataka kujua aliwezaje? Hakuweza. Alijitupa ndani akashika ubao kwa mikono miwili, akafumba macho njia nzima. Hakuna miujiza mingine.

Walimkuta Fokasi kwenye ngazi ya kanisa. Lilikuwa kanisa la udongo na miti, maji yameshaingia mlangoni na yanalamba ukuta. Alikuwa amesimama anasali Nasadiki kwa sauti kubwa, neno kwa neno, macho ameyaelekeza mtoni. Alipomwona mkewe anakuja majini, maji yamemfika magotini, akanyamaza.

"Umefuata nini, Mama Tekla? Rudi, mama, utaniulia moyo!"

"Nimekufuata wewe."

"Mungu atanilinda hapa. Unajua ninavyomwamini."

"Najua unavyoujua mtumbwi ule," Blandina akasema. "Unajua mti wake, unajua nani aliuchonga, umewapandisha watu wote wa kijiji hiki. Baba Tekla, mara ya mwisho kuukalia wewe ni lini?"

Kipande cha ukuta kikamong'onyoka nyuma ya Fokasi, kikaanguka majini.

"Mficha uchi hazai, mume wangu. Niambie mimi. Mimi si kijiji."

Mzee yule akakaa kwenye ngazi, maji yakampanda kiunoni.

"Jordani," akasema. "Alikuwa amenishika mkono, Blandina. Ukaniteleza."

Akalia. Blandina akakaa kando yake katika maji yale, akamshika, naye akalia pamoja naye, maana jambo hilo alilisubiri tangu siku ya harusi yao. Severini alikuwa ameshika pondo, anauzuia mtumbwi usichukuliwe na mkondo, anaomba kimoyomoyo wafanye haraka.

"Nisikilize," Fokasi akasema alipopata sauti. "Si mto tu. Nimewafundisha watu habari za Kristo miaka yote hii, na kila nililosema najua ni kweli. Lakini ni vilevile ninavyofanya ukingoni. Nawasukuma watu wanakwenda kwake, mimi nabaki. Nasema 'nasadiki', halafu usiku najishikilia mwenyewe, nahesabu mema yangu, nahofu kama yatatosha. Namjua sana. Sijawahi kumwachia uzito wangu. Nimekuwa nikikuambia imani yako ndogo, na wewe kila siku unapanda."

"Mimi napanda kwa sababu sina pengine pa kushika," Blandina akasema. "Na maombi yangu ni hayohayo, Bwana nishike, Bwana nishike, basi. Nasadiki inanipotea kwa Pilato, unajua mwenyewe. Nilidhani ninyi wenye maneno yote mna kitu ambacho mimi sina." Akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini natetemeka kila safari, na mtumbwi haujanitupa hata siku moja kwa sababu natetemeka. Wanaobebwa ni wale waliomo ndani, Baba Tekla. Njoo."

"Nitatia aibu. Nitalia mbele ya Severini."

"Lia. Severini ameshaniona mimi nikitapika."

Hapo, wallahi, mzee akacheka. Alicheka na machozi yanatiririka, akasimama. Hatua zile chache kutoka kwenye ngazi mpaka mtumbwini zilimshinda mara mbili. Alifika, akashika ubavu wa mtumbwi, akarudi nyuma. Hakuusifu. Hakusema neno lolote juu ya mti wala juu ya baba yake. Mara ya tatu alimwambia mkewe, "Nishike," akamwambia na Mungu wake neno hilohilo, akaingia.

Alikaa chini kabisa, mwili mrefu ule umekunjwa, kichwa kiko magotini mwa Blandina chini ya kanga ile ya kutapikia. Severini alisimulia baadaye kwamba katika kupiga kafi kwake kote hakuwahi kumbeba mtu aliyeogopa namna ile. Mtumbwi ulitetemeka kwa kutetemeka kwake. Walipofika katikati, palepale ambapo mkondo ni mkali, wakasikia nyuma yao kishindo. Kanisa lilikuwa limekaa chini majini, paa na yote. Blandina aligeuka akaona. Fokasi hakuinua kichwa. Alikuwa bado anasema, Bwana nishike, Bwana nishike, na sasa ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu naye.

Huku juu watu walikuwa wameacha kuimba. Waliona kanisa likianguka, wakadhani katekista yumo ndani, na vilio vikawa vimeanza. Kumbe, tazama, mtumbwi unakuja, na aliyemo ni Fokasi! Walikimbia majini kumpokea. Lakini hawakumpokea Fokasi waliyemzoea. Walimtoa mzee aliyejaa matope, macho mekundu, meno yanagongana, amemshika mkewe mkono kama mtoto anayepelekwa kliniki. Watu wakatazamana. Mzee mmoja, kwa mshangao tu, hakuwa na ubaya, akauliza, "Katekista, ni wewe unayetetemeka hivi? Wewe uliyekuwa ukituambia mtumbwi hauzami?"

Fokasi alikuwa na njia nyingi za kujibu. Sauti ile nzito alikuwa nayo bado, na watu wale walikuwa tayari kuliamini lolote atakalosema. Angeweza kusema ni baridi.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaambia kweli, hauzami. Lakini mimi nilikuwa sijapanda. Nimewapandisha ninyi nyote, nikabaki." Akamtazama Blandina, naye Blandina akataka kuutoa mkono wake kwa haya, mzee hakuuachia. "Msiniimbie tena nyimbo za imani. Huyu hapa, mnayemcheka akitapika, ndiye aliyekuwa nayo siku zote. Alikuwa anajikabidhi, na mimi nilikuwa nasema maneno."

Hakuna aliyecheka. Tekla akaja na mtoto wake, akamweka mikononi mwa baba yake, na mzee akamkumbatia pamoja na matope yake yote. Kisha akawaambia watu wale neno ambalo wamelishika, wakalifundisha, likatufikia na sisi tusiokuwako.

"Ndugu zangu, kusifu mtumbwi si kuvuka. Leo nimevuka."