Kwa Nini Mzabibu Hushikilia Waya

Wekeni koleo chini kidogo, tuzungumze. Asubuhi hii, tulipokuwa tunavuta waya kwenye mstari wa tatu, nimemsikia mmoja wenu akisema mzabibu ni mmea mvivu. Eti muhogo husimama wenyewe, mpapai husimama wenyewe, ila huyu anataka kubebwa kama bibi harusi. Sitamtaja. Lakini neno hilo limenichoma, kwa sababu anayelisema analala kwenye nyumba asiyojua ilisimamishwa na nani. Nisikilizeni, kisha mrudi kazini.

Kulikuwa na enzi ambayo miti haikukatwa, iliombwa. Enzi hizo mzabibu alisimama peke yake, mnene, amenyooka, mwenye uti wa mgongo mgumu kuliko wa mti wowote katika nchi hii kavu ya Ugogo. Vishada vyake vilining'inia juu, mbuzi wakavitazama tu kwa macho. Wala hakuwa na maringo. Mpita njia akichoka alimwegemea, akachuma kishada kimoja, akaendelea na safari.

Katika nchi hiyo aliishi mtu aitwaye Chidawali, pamoja na mkewe Nyemo. Chidawali alikuwa anajenga tembe. Nanyi tembe mnaijua: paa lake ni udongo, na udongo ukilowa unakuwa mzito, hivyo bila nguzo ya kati iliyo imara nyumba huwaangukia wenyewe. Nguzo hiyo hakuwa nayo. Mawingu yalikwisha kukusanyika, na Nyemo alikuwa na mimba ya miezi minane. Chidawali akamwomba mkwaju, mkwaju akasema mgongo unamuuma. Akamwomba mkungugu, mkungugu akamwonyesha miiba. Ndipo akamwendea mzabibu na salamu yake tamu ya "Mbukwenyi", ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Niazime uti wako," alisema. "Mvua zikikatika nitaweka nguzo ya mawe, na wako nitaurudisha siku hiyohiyo."

Mzabibu hakuuliza shahidi wala rehani. Alimtazama Nyemo na tumbo lake, akajichomoa uti, akautoa, akalala chini kusubiri.

Mvua zikanyesha, tembe ikasimama. Nyemo aliposhikwa na uchungu aliiegemea nguzo ile, akajifungua salama. Mvua zikakatika, na mzabibu akatuma salamu. Chidawali akajibu kwamba, kwa mila, nguzo iliyoegemewa na mzazi haing'olewi mpaka mtoto aote meno. Haya, mzabibu akasubiri. Mtoto alipoota meno, Nyemo alikuwa na mimba nyingine. Ikawa hivyo mpaka mtoto wa tano! Mila ile ilitungwa kumlinda mzazi na kichanga chake, na mwanamume mzima, mwenye ndevu, akajificha nyuma yake. Kwa miaka yote hiyo hakusogeza hata jiwe moja la ile nguzo aliyoahidi.

Huku nje mzabibu alitambaa mavumbini. Mbuzi walewale waliokuwa wakimtazama kwa mbali sasa walimkanyaga na kula vishada vyake vikiwa vibichi. Vilivyosalia vilioza kwenye madimbwi. Kwa miaka mitano hakuivisha hata punje moja, na mmea usioivisha matunda ni ukoo unaokwisha. Alichokuwa anakipoteza ni uzao wake, na Chidawali alilijua hilo, maana alimruka kila asubuhi akienda kufungulia mifugo.

Mzabibu akapeleka shauri kwa wazee. Na wazee wakaketi wapi? Ndani ya tembe ya Chidawali, kwenye ubaridi, wakinywa pombe yake ya uwele, na mkubwa wao ameiegemea nguzo ileile. Mlalamikaji ikabidi alale mlangoni juani. Wakamsikiliza, wakafuta midomo, na yule mkubwa akatamka, "Tenda wema uende zako." Jamani! Aende zake vipi, na mgongo wake umezuiwa ndani ya nyumba ya mtu?

Aliyesimama ni Nyemo, mtoto wa tano akiwa mgongoni.

"Wazee wangu, mnisamehe," alisema. "Aliyeiegemea nguzo hii akizaa ni mimi. Si baba watoto, wala si ninyi. Kama mila ni ya mzazi, basi mzazi ndiye mimi, na ninaifungua leo. Ing'oeni."

Hakuna aliyenyanyuka. Wote walitazama paa. Mzabibu naye alichungulia ndani, akawaona wale watoto wanne wakubwa wamezunguka sahani ya ugali na mlenda chini ya udongo ule mzito, akajua nguzo iking'olewa itawazika wao kwanza. Katika baraza zima, aliyedhulumiwa ndiye pekee aliyewahurumia.

"Iacheni," alisema. "Lakini kuanzia leo mgongo wangu ni ninyi. Aanze Chidawali."

Chidawali akatolewa nje, akasimamishwa wima, mikono ameinyoosha huku na huku, na mzabibu akalazwa juu yake pamoja na kishada kichanga alichokuwa amebakiza. Jua halijafika utosini, bwana huyo akaanza kulia mabega. Mwenzake alilala chini miaka mitano, yeye hata nusu siku ikamshinda! Kisha akasikia chungu kingine cha pombe kinafunguliwa. Akashusha mikono, akaingia ndani. Mzabibu akaanguka kifudifudi, na kishada chake kikapasuka.

Hapo ndipo alipokasirika kwelikweli. Kwenye mafundo ya matawi yake akachipusha vidole vya kijani, vyembamba, vyenye kujisokota, akamwambia Nyemo, "Sitaki tena kushikwa na mtu. Nipe kitu cha kushika, nitashika mwenyewe." Nyemo akachimbia nguzo kwa mstari, kila moja akaifungia mti wa kukingama, mfano wa mtu aliyenyoosha mikono. Akavuta kamba za magome kutoka nguzo hadi nguzo, kwa kuwa waya ulikuja baadaye sana. Mzabibu akapanda, akashika, na msimu huo akaivisha.

Na tangu siku hiyo mzabibu hana mgongo wake, na mwanadamu huchimbia nguzo na kuvuta waya kabla hajaonja hata punje moja. Msidhani mnamfanyia hisani. Waya ukilegea yeye hulala chini akakunyima, na ana haki. Na siku ya kupogoa, viangalieni vizuri vile vidole. Tawi mtalikata, mtalivuta, mtalichoma moto, lakini kidole hubaki kimejisokota kwenye waya, kikavu, kigumu kama mfupa, mpaka ukikate kwa mkasi. Kimekwisha kufa, na bado hakituamini.