Samaki Aliyelala Ndani ya Jiwe

Mama zangu na dada zangu, leo naanzia kwenye simu ya mtoto. Mnivumilie.

Kulikuwa na binti mmoja wa miaka kumi, alivunjika mguu akafungwa plasta. Mama yake akampa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, asichoke kukaa. Ndani yake mlikuwa na gemu la kukusanya viumbe. Wenye mabawa, wenye kutema moto, wote aliwapata akiwa kitandani. Alibaki mmoja tu, samaki wa kale, amelala ndani ya jiwe. Ili aamke, ilitakiwa simu itembezwe hatua laki tatu ndani ya mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, jiwe linazama na samaki harudi tena.

Hebu niambieni, mtoto mwenye plasta atatembea wapi? Aliruka kwa mguu mmoja kutoka kitandani mpaka mlangoni. Akapata hatua kumi na nne. Akakaa chini akalia.

Jirani yao alikuwa mama muuza mchicha, anayezunguka mitaani na beseni kichwani. Alisikia kilio, akachungulia.

"Nani kakuchapa wewe?"

"Hakuna. Samaki wangu atapotea."

Akaelezwa, hakuelewa hata nusu. Akauliza, "Huyo samaki anakula?"

"Hali. Anatembezwa tu."

"Afadhali yeye. Wangu wanne wanakula, na kutembea hawataki. Lete."

Akaifunga simu kwenye pindo la kitenge, kiunoni. Asubuhi anaondoka na samaki, mchana anamrudisha. Siku za mvua alikwenda. Siku kandambili ilipokatika, alimaliza njia peku, na jioni ile binti alikuta hatua zimepanda kama kawaida.

Siku ya ishirini na tisa, mama yule alipokuwa anamkabidhi simu mlangoni, jiwe likapasuka. Samaki akatoka, mzito, magamba kama vigae, akafumbua jicho taratibu. Yakaja maandishi: "Hongera. Umeniamsha kwa miguu yako."

Siku hiyo wenzake wa darasani walikuwa wamekuja kumjulia hali. Wakamsogelea.

"Umempataje na mguu huo?"

Binti akainua simu juu. "Mimi huwa sikati tamaa. Nimemwamsha mwenyewe."

Yule mama alikuwa bado amesimama pale, beseni mkononi. "Hongera, mwanangu," akasema, akaenda zake kuosha miguu.

Nasikia mnaguna. Msiwe na haraka ya kumkasirikia mtoto. Jumapili iliyopita nilisimama hapa hapa nikashuhudia jinsi nilivyougua baada ya kujifungua, nikaomba, nikavumilia, nikapona. Mkanipigia makofi. Sikumtaja dada aliyefua nepi za mwanangu wiki tatu nzima. Naye alikuwa benchi la nyuma, anapiga makofi kuliko ninyi nyote.

Sisi tunasema imani yetu imeamka, na kweli imeamka. Lakini ilikuwa imefungwa kwenye kitenge cha nani? Nani alitembea na wewe siku ambazo hukuweza hata kufika mlangoni? Mungu aliyehesabu hatua zile anajua zilikuwa za miguu gani. Sisi ndio tuliosahau.

Dada yangu wa benchi la nyuma, najua hupendi. Simama kidogo, wakuone.