Dira ya Mama Loi

Sogeeni, na mwenye usingizi alale tu, maana hadithi hii haina zimwi la kumwamsha. Ina watu watatu waliochoka, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Mzee Fung alijaliwa kusoma. Katika Wachina wazee waliosalia mjini Unguja, ni yeye peke yake aliyeweza kuifungua kalenda ya kale ya Kichina na kuielewa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo alisoma pua ikigusa karatasi.

Ame Pandu wa Makunduchi alijaliwa ulimi. Mtu akikataa jambo asubuhi, Ame hukaa naye kwenye baraza, wakacheka, na kabla ya adhuhuri mtu yule analitetea jambo lile kana kwamba alizaliwa nalo.

Raya alijaliwa kuuliza, na kipaji hicho msikitamani. Alikuwa akiandika kitabu cha Kiswahili juu ya nyota za Kichina na feng shui, na alitaka kila neno liwe kama wenyewe walivyolisema, si kama wauza hirizi wanavyolitia chumvi. Kazi hiyo ilimchosha hadi mifupa. Akieleza kwamba feng shui maana yake ni upepo na maji, na kwamba huanza kwa kutazama upepo unavuma wapi na maji yanapita wapi, watu humkatiza: "Sawa, lakini kioo nikiweke wapi nipate hela?"

Basi siku moja Raya akasikia kwamba harusi ya Nassor Loi na Mize imevunjika. Mchele wa pilau ulikwisha nunuliwa, kadi zimekwisha gawiwa. Aliyeivunja ni Mama Loi, mamake Nassor, mjane wa ukoo wa Kichina uliokaa Unguja vizazi vitatu. Alinunua kijitabu cha nyota barabarani, akaona mwanawe ni wa mwaka wa Joka, na Mize, aliyezaliwa Januari, yuko kwenye mwaka wa Mbwa. Joka na Mbwa hugongana, kijitabu kilisema. Mama Loi akafunga mlango, na Nassor hakula siku hiyo wala iliyofuata.

Raya alikisoma kijitabu kile akashusha pumzi. Kiliorodhesha miaka na wanyama, basi. Hakikusema mwaka wa Kichina unaingia lini. "Januari," alijiambia. "Hapa pana kasoro." Angeweza kwenda kulala. Hakwenda. Alibisha mlango wa Mzee Fung.

"Shikamoo, mzee. Mwaka aliozaliwa Mize, mwaka mpya wenu uliingia lini?"

"Marahaba. Miaka ishirini hakuna aliyeniuliza jambo kama hilo," alisema Mzee Fung, akaitafuta kalenda kwa kupapasa. Alisoma mpaka machozi yakamtoka kwa kukaza macho. "Februari. Huyo binti alizaliwa mwaka wa zamani haujatoka. Si Mbwa. Ni Jogoo. Na Joka na Jogoo ni katika jozi sita zinazopatana kuliko zote."

Wakaenda wote wawili kwa Mama Loi. Mama Loi aliwasikiliza, akawamiminia chai, akakataa.

"Januari ikianza, mwaka umeanza. Hata benki wanajua. Msinichezee mwanangu."

Mzee Fung alieleza, Mama Loi akatikisa kichwa. Raya alieleza tena kwa maneno mengine, naye akatikisa kichwa vilevile. Hapo ndipo alipoingia Ame Pandu, mjomba wa Mize, aliyekuja kudai heshima ya mpwa wake. Alipoambiwa kisa, hasira zilimtoka akaanza kucheka.

"Bi mkubwa, sie Makunduchi tunapotwangana kwa migomba Julai na kuchoma kibanda cha makuti, tunauaga mwaka gani? Wa benki?"

"Huo mwaka wenu wa jadi, wa Kogwa," alisema Mama Loi.

"Na Muharram, unaingojea Januari?"

"Astaghfirullah! Muharram ina mwezi wake."

"Basi mie nakuuliza weye, mwana wa Kichina: wenzako ndio wasiwe na mlango wao wa kuingilia mwaka?"

Mama Loi akacheka, akalia, akamwita Nassor kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili. "Joka na Jogoo! Hawa hawatagombana maisha!"

Wote wakacheka, isipokuwa Raya. Alijua kukaa kimya ndiyo busara. Alikuwa hoi, na chai ilikuwa tamu. Lakini angewezaje kuandika kweli kitabuni na kuacha uongo ukae sebuleni?

"Bi, mnyama wa mwaka ni robo tu," alisema. "Wajuzi wa kale walitazama mwaka, mwezi, siku na saa. Na hata ukivitazama vyote, hakuna aliyethibitisha kwamba vinajua ndoa itadumu. Ni mila, na ina hekima zake, lakini haikuwekei dhamana."

Ame alimkata jicho. Furaha ilimtoka Mama Loi usoni.

"Sasa ulikuja kufanya nini nyumbani kwangu?"

"Ulitaka kuwatenganisha watoto kwa jambo ambalo hata wazee wako hawakulisema. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine utaamua mwenyewe."

Mama Loi alimtazama mwanawe mlangoni, amekonda kwa siku mbili.

"Wataoana," alisema mwishowe. "Nyota zikitaka zije, zisipotaka zikae."

Akaingia chumbani, akatoka na dira ya baba mkwe wake: ya mbao, imezungushiwa duara nyingi za maandishi, sindano yake ikihesabiwa kuelekea kusini kama desturi ya Wachina. "Mmoja wenu ameniokoa nisimuue mwanangu kwa huzuni. Aichukue. Ni moja, nami sitaikata."

Mzee Fung alinyoosha vidole. "Bila mimi msingelijua Jogoo. Nakaribia upofu, lakini hii naweza kuisoma kwa kuigusa. Sijaigusa ya namna hii tangu alipokufa baba yangu."

Ame alisema, "Bila mie mngekuwa bado mnakunywa chai ya kukataliwa. Ikae ukutani kwa Mize, yatima wa dada yangu, ajue aliingia nyumba hii kwa heshima."

Raya alitaka kusema hahitaji kitu. Alikuwa amechoka kiasi hicho. Lakini aliitaka, aliitaka sana. "Bila mimi hakuna ambaye angeuliza," alisema. "Michoro yote ya dira niliyoipata imenakiliwa kwa makosa. Nikiwa na hii, maelfu wataiona ilivyo kweli."

Akimpa Mzee Fung, atakapofumba macho itabaki mbao isiyosomeka. Akimpa Raya, vidole vya mzee vitabaki vitupu. Akimpa Ame, itakuwa pambo, ingawa bila yeye pasingekuwa na ukuta wa kuitundikia.

Mama Loi amesimama, dira mikononi, na mikono imeanza kumuuma. Ameniachia mimi, nami nimechoka kuliko yeye, nawaachia ninyi. Haya, semeni: nani aipokee?