Mama Pimbi na Lori Lililoteleza

Kamwene, mlioketi.
— Kamwene, mama wa ngano.
Nidanganye kidogo?
— Danganya, mradi iwe tamu.

Wa kwanza kumletea Mama Pimbi habari alikuwa Kanga. Alikuja mbio, ti-ti-ti-ti, miguu imekufa ganzi.

"Mama Pimbi, bado umelala? Lori la Baba Nyati limevunja kigari chako. Na mwenyewe ameshafika kwa Mzee Kobe wa bima, anasema wewe ndiye uliyemgonga."

Mama Pimbi akatoka na shuka mabegani. Sakitu, ile barafu nyembamba ya mwezi wa saba, ilikuwa imetanda njia nzima. Lori lilikuwa limeshuka kilima likiteleza, seree, seree, seree, mpaka pwaa. Kigari chake, alichokiegesha mlangoni tangu jana, kililala ubavu.

Bima ya milima ile ilikuwa na sharti moja: mwenye kosa humwachia mwenzake gari lake. Bila gari, angewafikishaje wanawe watatu kwenye Jiwe la Jua? Pimbi wachanga wasipoota jua asubuhi hukakamaa kama vijiti.

Mzee Kobe alifika saa nne, muhuri mkononi. Sakitu ilikwisha kuyeyuka, na alama za matairi zilikwenda nayo.

"Baba Nyati, ilikuwaje?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Mama Pimbi?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Nyote mlisimama," alisema Mzee Kobe. "Basi aliyegonga ni mlima?"

Mama Pimbi alikaribia kulia. Ndipo akamwona Nyati ananusa, nff, nff, akielekeza pua jikoni, ambako viazi vilikuwa vinachemka.

"Baba Nyati," akasema kwa upole, "ya kosa tumwachie Mzee. Kwangu aliyepata ajali hupewa pole, kwa kadiri alivyoshtuka. Wewe ulisimama. Basi, kiazi kimoja."

"Kimoja? Mwili wote huu?"

"Aliyesimama hashtuki sana. Ungekuwa unatembea, ningekupa sahani."

Nyati akameza mate, gudu. "Nilitembea kidogo."

"Haya, sahani. Ungekuwa unakimbia, ningekupa sufuria."

"Nilikimbia, shemeji."

"Maskini. Na ambaye breki zimemkataa, huyo namwekea na maharage juu."

"Zilinikataa tangu kule kwenye kona," alisema Nyati, ameshavuta kigoda. "Nikafumba macho, nikashuka hivyohivyo mpaka mlangoni kwako. Ongeza chumvi."

Kong'. Mzee Kobe alikuwa amegonga muhuri. Nyati hakusikia, kinywa kilijaa.

Kesho yake asubuhi Mama Pimbi aliwafunga watoto mashali, akawapandisha kwenye lori lake jipya. Miguu yake haikufika kwenye breki, kwa hiyo akamwita Nyati aendeshe.

"Taratibu, baba. Kuna sakitu."

"Naiona."

"Na jana uliiona?"

Nyati akakaza macho njiani. Walipofika kwenye Jiwe la Jua, Mama Pimbi akawashusha wanawe, mmoja mmoja, matumbo juani, akajilaza katikati yao.

Ngano hii inatufundisha kwamba wakubwa ni wasema kweli, tena hawana tamaa hata kidogo. Kwa hiyo mkigongwa, wanangu, msibishane. Injikeni viazi.

Nimeegesha hapa.
— Egesha, mama, na uweke jiwe kwenye tairi.